Nilimwanfolo mwanafunzi wangu, kisha nikarudi kwa aibu

Asalaam aleikum mshauri, na pole na kazi.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 41, nina mume na watoto watatu. Kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga, na nimekalia cherehani tangu 2006. Nashona nguo za kike: magauni ya vitenge, madera, sare za harusi. Idi ikikaribia kama hivi sasa, silali. Lakini sikuandikii habari za kazi. Nakuandikia kwa sababu ya simu, na najua ukisoma utacheka.

Mwaka 2016 nililetewa binti, nitamwita Z, nimfundishe ushonaji. Alikuwa na miaka 18, hajui hata kupitisha uzi kwenye sindano ya cherehani. Mama yake hakuwa na ada. Nikasema aje hivyo hivyo, atanisaidia kupiga pasi na kutoa nyuzi. Alikaa kwangu miaka mitatu, chakula cha mchana akila sahani moja na wanangu. Nilimfundisha kupima, kukata, kuweka bitana, na lile ambalo mafundi wengi hawana subira nalo: kulinganisha maua ya kitenge kwenye mshono wa ubavu, mpaka mtu asione kitambaa kimekatwa wapi. Mwaka 2019 akaniaga kwamba anakwenda Dar kumsalimia mjomba wake. Hakurudi. Sikuletewa hata doti ya kanga.

Baadaye nikamwona Instagram. Wallahi nilifurahi. Nikamfolo siku ile ile, naye akanifolo. Wakati huo alikuwa na wafuasi kama mia tatu. Leo ana elfu ishirini na tatu. Mimi nina 412, na humo wamo watoto wangu na mume wangu, ambaye hajafungua akaunti yake tangu aifungue.

Mshauri, nikiswali alfajiri, kabla sijakunja mswala nimeshashika simu kutazama Z kaweka nini. Stori zake zote nazitazama. Usiku hivyo hivyo. Bando la wiki linaisha Jumatano. Najiambia natafuta mishono, maana wateja wa siku hizi hawaji na kitambaa tu, wanakuja na picha, na nusu ya picha hizo ni za Z. "Anti, nishonee kama hili." Namshonea, naye anaipiga picha na kumtaja Z.

Mwezi uliopita aliweka gauni la kitenge lenye mikono ya puto na mgongo wa kufunga kamba, akaandika "ubunifu wangu mwenyewe". Gauni lile nililikata mimi mwaka 2018, juu ya meza yangu, yeye akiwa ameshika futi kamba. Hata maua ya ubavuni yamekaa kwa mkono wangu. Wiki iliyofuata akahojiwa mubashara na dada mmoja mwenye ukurasa wa mitindo, akaulizwa nani alikufundisha. Akajibu: "Nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video."

Nilikuwa jikoni. Wali uliungua. Nikaingia kwenye ukurasa wake, nikamwanfolo.

Siku ya tatu akaja mteja kupimwa, akanionyesha picha. Z amejifunga kanga, jina lake linasomeka vizuri: HASIDI HANA SABABU. Hakuandika neno jingine. Mteja akaniuliza, "Dongo la nani hili?" Mikono ikaanza kunitetemeka, nikakosea kipimo cha kifua. Tanga hatuhitaji kutafsiriwa kanga. Usiku ule nikaona watu watasema nina kijicho na mtoto niliyemlea, saa tisa nikamfolo tena. Sikujua kwamba ukirudi, mwenzio anaarifiwa. Asubuhi nikakuta meseji: "Shikamoo ticha wangu. Nimekuona. Karibu tena", na emoji mbili za kucheka. Leo siku ya tisa, sijajibu.

Mume wangu anasema nifute kila kitu, simu ni ya kupigia. Binti yangu wa miaka 17 anasema kuna namna ya kumnyamazisha mtu asijue. Mdogo wangu anasema nimkomeshe: ninayo picha yake ya 2017, amekaa chini kibandani kwangu anatoa nyuzi, niiweke na niandike "video za kujifunzia".

Na si Z peke yake. Nimehesabu, nafuata akaunti 1,870. Nikianza kupunguza, kila jina lina mtu nyuma yake: wifi yangu anayeuza ubuyu, mteja ninayemdai, mke wa imamu, mafundi wenzangu, kurasa za umbea ambazo naona haya hata kuzitaja. Nifuate nani, nimwache nani, bila kuonekana nimemnunia mtu?

Fundi wa Ngamiani

*

Waaleikum salaam, dada yangu Fundi. Pole na Idi, pole na wali.

Sikucheka. Ningecheka ungeniambia umegombana na mtu kwa sababu ya picha. Wewe umeniandikia habari za mtoto aliyekula sahani moja na wanao miaka mitatu, kisha akasimama mbele ya watu akasema hakuwa na mwalimu. Simu ni mahali tu ambapo habari ile ilikufikia.

Kwa hiyo naona barua mbili kwenye bahasha moja. Ya kwanza inauliza jambo dogo la kila mtu mwenye simu: katika akaunti 1,870, nani abaki machoni pangu na nani aondoke. Ya pili haiulizi kitu. Imekaa tu kifuani, na inaitwa Z. Nadhani umezifunga pamoja kwa sababu ile ya kwanza ina kitufe cha kubonyeza, ile ya pili haina.

Nianze na kanga, maana ndiyo iliyokurudisha saa tisa usiku.

Mimi pia ni wa pwani, najua kanga husema. Majina haya yamekuwa yakiandikwa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha kwa hizi tunazosoma sasa, na bibi zetu walimaliza ugomvi mkubwa bila kufungua mdomo kwa kujifunga kanga inayofaa na kupita mlangoni pa mwenzao. Lakini bibi alipofanya hivyo alichagua mlango. Kanga ya Z ilipita mbele ya milango elfu ishirini na tatu. Huenda ilikuwa yako. Huenda ilikuwa ya mteja aliyekataa kulipa, au ya mtu wa huko Dar ambaye hujawahi kumsikia. Huenda alipenda rangi; "Hasidi hana sababu" ni jina la siku nyingi, liko katika makabati mengi ambayo wenyewe hawana ugomvi na mtu. Soma tena maneno ya mteja wako kama ulivyoyaandika mwenyewe. Aliuliza, "Dongo la nani hili?" Hakusema ni lako. Jibu ulilitoa wewe, kimya kimya, na futi kamba mkononi.

Sisemi umekosea. Wewe unamjua Z, mimi simjui. Ninachosema ni kwamba uliamua jambo zito kwa ushahidi wa kanga moja na usingizi wa saa mbili.

Na kuna jambo jingine ambalo huenda hulijui, kama vile hukujua kwamba kurudi kunapiga kengele. Ukimwanfolo mtu Instagram, hapelekewi taarifa. Anachoweza kuona ni hesabu yake kupungua, au akupekue kwa jina. Mwenye wafuasi elfu ishirini na tatu hupungukiwa na kuongezewa kila siku, kwa hiyo inawezekana kabisa zile siku tatu hakuziona. Stori nazo ni kinyume chake. Hukaa saa 24, na muda huo wote mwenyewe anaona orodha ya majina ya waliotazama. Umesema unazitazama zote, tena alfajiri. Basi Z amekuwa akikuona kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Anajua ticha wake anamtazama. Asichojua ni kwa jicho gani, kwa sababu hujawahi kuandika neno.

Sasa tuje kwenye maumivu yenyewe. Umenitajia mafundi wenzako kwa neno moja tu, ukapita. Nina hakika unafuata pia wabunifu wakubwa wa Lagos au Accra, wenye wafuasi mara mia ya Z, na magauni yao ukayatazama ukinywa chai bila moyo kwenda mbio. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Leon Festinger aliandika kwamba mtu hujipima kwa walio karibu naye, wanaofanana naye, na kadiri pengo linavyokuwa kubwa ndivyo hamu ya kujipima inavyopungua. Wa Lagos hakukuumiza kwa sababu hakuwahi kukaa kwenye kigoda chako. Z anakuumiza kwa sababu meza ni moja. Kila anachokiweka kinakuuliza: na wewe je?

Hapo ndipo neno "kijicho" linapoingia, na umelitumia wewe kabla ya mtu yeyote. Ningependa tulitenganishe, kwa sababu kijicho na haki vimeshonewa sare moja na watu wengi hawavitofautishi. Ukiumia kwa sababu ana wafuasi wengi kuliko wewe, hicho ni kijicho, na ni cha kibinadamu, hakuna wa kumrushia mwenzake jiwe. Ukiumia kwa sababu ulitoa kitu naye akasema hakupewa, hiyo ni haki inayodai. Nadhani una vyote viwili. Kipimo cha kila kimoja unakijua wewe.

Hata gauni lenyewe tulitazame kifundi. Mikono ya puto si yako wala ya Z. Wanawake wa Ulaya waliivaa miaka ya 1890 wakaonekana kama wamebeba mito mabegani, na mama zetu waliivaa kanisani na kwenye harusi katika miaka ya 1980. Kamba za mgongoni nazo zina umri wao. Ukimshitaki kwa hayo utashindwa, tena mbele ya watu. Lakini maua ya ubavuni ni habari nyingine. Kulinganisha maua si mshono anaoweza kuudesa mtu kwenye picha. Ni subira, na subira hiyo aliipata kibandani kwako. Inawezekana video alizitazama kweli alipofika Dar, kwa sababu kuna mambo ya zipu za kuficha na vitambaa vya kuvutika ambayo labda wewe hukumfundisha. Inawezekana pia alipoulizwa ghafla, watu wakimtazama, aliona haya kusema alifundishwa bure kwa kutoa nyuzi. Umaskini wa mwanzo humfanya mtu aseme uongo wa ajabu. Hilo halikurudishii wali wako, nalijua.

Nipite kwenye njia ulizopewa, na nyingine ambazo hukupewa.

Ya mume wako, kufuta kila kitu, ina amani ndani yake, na kwa mtu asiye na biashara ningeitazama kwa makini. Kwako ina gharama. Wateja wako wanakuja na picha, umeniambia mwenyewe. Fundi asiyejua picha hizo zinatoka wapi atakuwa anashona mtindo wa juzi. Zaidi ya hapo, naogopa kwamba utafuta kwa hasira, halafu usiku umwombe binti yako simu yake "uone kidogo tu".

Ya mdogo wako naiogopa kuliko zote. Picha ya 2017 ni ya kweli, na ndiyo maana ni hatari. Ukiiweka utashinda kwa siku mbili. Watu watacheka, watakusifu, wafuasi wako watafika elfu. Kisha mtu atauliza mbona mwanafunzi alikuwa amekaa chini, mwingine atauliza kama alikuwa analipwa, na wasichana ambao kesho mama zao wangetaka kuwaleta kwako watakuwa wameona mwalimu anavyowaweka wanafunzi wake hadharani wakikosana. Na kitu kilichokwisha kuchukuliwa na simu za watu hakirudi, hata ukikifuta baada ya dakika tano. Lakini hasira ya mdogo wako ni ya upendo. Mpe asante yake, simu usimpe.

Ya binti yako, kunyamazisha, ina akili. Kitu hiki kipo Instagram tangu 2018: unaingia kwenye ukurasa wa mtu, unabonyeza pale panapoonyesha kwamba unamfuata, unachagua kama hutaki kuona posti zake, stori zake au vyote. Yeye haambiwi, na jina lako linabaki kwenye wafuasi wake. Kwa mtu wa mji kama wenu, ambako kumwacha mtu kunasomwa kama kumnunia, ni pazia zuri. Tatizo la pazia ni kwamba aliyelishika ni wewe. Kama utamtafuta kwa jina kila alfajiri, hukunyamazisha kitu. Nyongeza ndogo: Instagram ilipoanza 2010 picha zilipangwa kwa saa, iliyowekwa sasa hivi ikawa juu. Tangu 2016 programu ndiyo inayopanga, kwa kuangalia unachokigusa na unapokawia. Ukimtafuta Z mara mbili kwa siku unaifundisha kwamba unampenda kuliko wote, nayo itakuletea yeye na wanaofanana naye. Kuna na jambo la kwetu zaidi. Siku Z atakapofiwa, au atakapoolewa, utaipata habari kwa watu. Je, utaumia kuambiwa na mtu mwingine? Jibu la swali hilo litakueleza mengi kuhusu unavyomhesabu.

Kumwanfolo tena, safari hii mchana na bila wali jikoni, nayo ni njia halali. Hukuapa kiapo ulipomfolo. Ila umeshaondoka na kurudi mara moja, na ukiondoka mara ya pili, akiigundua, ni vigumu kusema kidole kiliteleza. Kama utaondoka, uwe tayari kuulizwa na mteja na uwe na sentensi moja ya kumjibu. "Nimepunguza mambo ya simu" inatosha, mradi iwe kweli.

Kuna njia ambayo hakuna aliyekutajia: akaunti mbili. Moja ya kibanda, moja ya wewe mama wa watoto watatu. Mafundi wengi wamefanya hivyo. Ya kibanda inafuata wauza vitenge wa Kariakoo, wauza vifungo na zipu, wabunifu wa kuanzia Lagos hadi Nairobi, na wateja. Ya nyumbani inamfuata wifi na ubuyu wake. Z akikaa kwenye ile ya kibanda anakuwa fundi mwenzako katika jiji jingine, unamfungulia ukiwa na chaki mkononi, mchana. Sijui kama moyo wako utaukubali mgawanyo huo. Wengine huishia kuwa na sehemu mbili za kumtazama mtu mmoja.

Hao 1,870 sasa. Instagram inamruhusu mtu kufuata hadi akaunti 7,500, kwa hiyo mbele ya programu wewe bado hujavuka mpaka wowote. Mbele ya kichwa cha binadamu ni jambo jingine. Katika miaka ya 1990 mwanaanthropolojia Mwingereza, Robin Dunbar, alikadiria kwamba mtu huweza kushika uhusiano hai na watu wapatao 150. Wapo waliompinga kuhusu hesabu yenyewe, lakini mwenye kibanda anajua: wateja ambao vipimo vyao unavikumbuka bila daftari ni wangapi?

Umeniuliza nani aachwe. Siwezi kukutajia majina, ila kuna kitu ambacho ningekitazama kama ningekuwa mimi. Umezoea kuuliza jina lile ni la nani na atasema nini. Kwa wiki moja tazama mkono wako baada ya jicho. Ukimaliza kutazama ukurasa fulani, mkono ulifanya nini? Ulichukua mkasi? Ulimpigia mtu simu kumpa pole? Ulilaza simu kifudifudi ukakaa tu unatazama ukuta? Kurasa za umbea unazoonea haya, huenda ukakuta zinakuchekesha dakika tano, kisha unarudi kwenye ovaloki ukiwa mwepesi. Basi zisamehe. Na huenda ukakuta ukurasa mmoja wa mawaidha, mtu wa dini kabisa, unakuacha umejichukia kila ukiufungua. Huo nao uutazame vizuri, heshima yake isikutishe. Mteja unayemdai sijui nikwambieje. Kuna faida kumwona amekwenda kula samaki ufukweni wakati amekwambia hana hela, lakini ni faida ya kuchomeka sindano.

Kwa wale wa heshima tu, mke wa imamu na wenziwe, si lazima kuwaondoa. Tangu 2022 unaweza kuchagua watu mpaka 50 ukawaweka kwenye orodha ya uwapendao, ukafungua kuona hao pekee, wa karibuni kwanza. Hakuna anayeijua orodha hiyo ila wewe. Waliobaki nje hawajaachwa, wamekaa ukumbini. Kazi ni kuchagua hao 50, na ukifika wa thelathini utaanza kusitasita, na utajua mengi.

Nirudi kwa Z, kwa sababu najua ndipo ulipo.

Nimehesabu mistari ya barua yako. Kanga umeieleza kwa kirefu, mpaka herufi zake. Meseji yake umeipitisha haraka, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa anayemdai. Mimi nimeisoma mara tatu. "Shikamoo ticha wangu. Nimekuona. Karibu tena." Emoji za kucheka zinaweza kuwa dharau, zinaweza kuwa aibu, maana vijana wa umri wake hucheka pale sisi tungekohoa. "Nimekuona" inaweza kuwa ni kukukamata, inaweza pia kuwa furaha. Lakini neno "ticha" halina maana mbili. Mbele ya watu alisema hakuwa na mwalimu, na sirini, bila kulazimishwa na mtu, amekuita mwalimu. Inawezekana hiyo ndiyo inayokukasirisha zaidi, kwamba anakukiri gizani tu. Inawezekana pia ni uzi wa kwanza anaokurushia tangu 2019.

Ukiushika, kuna hatari. Ukimwuliza habari ya mahojiano, anaweza kukana, au kuichukua meseji yako na kuionyesha. Kwa hiyo kama ungeuliza, ni heri kwa sauti kuliko kwa maandishi, na ni heri baada ya Idi, usingizi ukiwa umekurudia. Huenda ukamwambia neno moja tu, kwamba ulisikia alichosema na kiliuma. Huenda usipate samahani. Itabidi ujiulize kabla kama utaweza kulala bila hiyo. Usipoushika pia si dhambi. Watu wengi wanaishi na wanafunzi waliowapotea, na wanapata wanafunzi wengine.

Ila kuna jambo dogo mno, ambalo wewe na mimi tunalijua bila kufundishwa na programu yoyote. Shikamoo yake ina siku tisa haijaitikiwa. Kuiitikia hakukufungi kumfuata, kumsamehe wala kumnyamazisha. Ni neno moja. Sikwambii uliandike. Nimekuuliza tu kama katika yote yanayokukosesha usingizi, hilo nalo halimo.

Na wewe mwenyewe una posti ngapi? Hukuniambia. Umenieleza anachoweka Z mpaka jina la kanga, lakini sijui kama lile gauni la 2018 uliwahi kulipiga picha.

Sare za Idi zikishakwenda kwa wenyewe, niandikie tena.